Nimekulia Kibirizi, naogelea tangu mdogo: inatosha kwa maji ya daraja la 5 pale Jinja?

#1 Binti Kibirizi
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Mwezi wa 12 tunasafiri na binamu zangu kwenda Jinja, Uganda. Mmoja wao anafanya kazi Kampala, ndiye mpangaji. Anataka tupande rafti (boti la mpira la kujazwa hewa) Mto Nile, siku nzima, ile njia yenye maporomoko ya daraja la 4 na la 5, ukali wa maji ukipimwa kuanzia 1 mpaka 6. Ipo njia nyingine laini kwa wanaoanza, ila kwenye grupu letu la WhatsApp ukiitaja tu unachekwa mpaka unazima simu.

Mimi kuogelea nilijua kabla sijajua kusoma. Natoka ufukweni kwetu Kigoma, Ziwa Tanganyika, mpaka kwenye mitumbwi ya dagaa iliyotia nanga huko mbali, nageuza, narudi, sijapumzika. Dada yangu anasema sipo tayari, ziwa siyo mto. Nikimuuliza tofauti ni ipi anajibu "utaona".

Sasa mtu anajuaje kwamba yuko tayari kwa maji makali namna ile? Nataka majibu ya waliofanya. Wa kunitisha tu ninao wa kutosha nyumbani.

#2 Mtoto wa Kaliua
Nimewahi siti ya mbele. Leteni bisi.

#3 Mzee wa Bangwe
Binti, usibabaishwe. Ziwa Tanganyika ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Mtu aliyelala ziwani usiku wa kusi ya mwezi wa 7, mtumbwi unapanda na kushuka, karabai zinazimika moja moja, huyo mto utamfanya nini? Mto una kingo mbili, ukichoka unatoka kulia au kushoto. Ziwani ukichoka unatokea Kongo.

Uko tayari. Nenda.

#4 Reli ya Kati
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: Tanganyika ni la pili, la kwanza ni Baikal kule Urusi. Letu lina mita 1,470 hivi. Lakini hata lingekuwa la kwanza, kina hakimsaidii binti hapa. Watu wanazama kwenye maji ya kiunoni.

#5 Mzee wa Bangwe
Marahaba. Hiyo Baikal umeipima wewe?

#6 Kasia Moja
Mimi ni wa Ujiji, ila kwa sasa niko Jinja, naishi kwa mto. Kazi yangu ni kukaa kwenye kayaki (kamtumbwi kembamba ka mtu mmoja) pembeni ya rafti na kuokota waliomwagika. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Dada yako yuko sahihi ila hana maneno ya kueleza. Ziwani wimbi linakuja, linakupitia, linakwenda zake. Mtoni wimbi limekaa palepale kwa sababu ya jiwe au ngazi iliyo chini, maji ndiyo yanayopita. Kwa hiyo hupigwi mara moja ukapumzika. Unapita kwenye mstari wa mawimbi, na usipojipanga kila moja linakukuta mdomo wazi. Vuta pumzi ukiwa kwenye bonde kati ya wimbi na wimbi, funga mdomo ukiwa unaingia kwenye kilele. Wengi hufanya kinyume, maana kileleni ndiko wanakoona mwanga.

Pili, ule weupe ni hewa. Maji yaliyochanganyika na hewa nyingi hayakubebi kama maji ya Kibirizi. Unapiga mikono, husogei, unashangaa nguvu zako zimekwenda wapi.

Tatu, na hapa ndipo watu wa ziwani wananipa kazi kuliko watu wa bara: mazoea yenu. Mtu wa ziwani akiguswa na mchanga chini anasimama. Mtoni usisimame kwenye maji yanayokimbia. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo unakulaza kifudifudi na hakuna nguvu za kukuinua, hata kama maji ni ya mapajani. Lala chali, miguu juu, vidole vya miguu vionekane, vikitangulia kule mto unakokwenda, mawe uyasukume kwa nyayo. Ukiona maji tulivu nyuma ya jiwe au kando ya kingo, hapo geuka kifudifudi uogelee kwa nguvu zote mpaka uingie. Kulala chali ni kwa kujikinga, hakukufikishi popote.

Na mtu wa ziwani chombo kikipinduka anakikumbatia upande wowote. Rafti ishike, ndiyo, ile kamba ya pembeni ni kwa kazi hiyo. Lakini usikae upande wa mbele, yaani kati ya rafti na jiwe linalokuja. Rafti iliyojaa maji haina huruma.

Kwa hiyo jibu langu: kuogelea kwako ni mtaji, lakini hakujakufanya uwe tayari. Una vitu vya kusahau kwanza.

#7 Mtoto wa Kaliua
Posti ya #6 nimeisoma nikiwa nimeshika meza.

#8 Nyuki wa Sikonge
Wana Kigoma bwana. Mwisho wa reli kote huko mnajisifia maji, leo mmeambiwa mna vitu vya kusahau. Sisi wa Tabora tunaojua bwawa la Igombe tu ndio tuko tayari, maana hatuna cha kusahau.

#9 Dada Mwanga
@Nyuki wa Sikonge nyie tuachieni maji, endeleeni na asali na maembe. Yenyewe ya bombani mmeletewa kutoka Ziwa Victoria.

#10 Nyuki wa Sikonge
Na Nile inatoka wapi? Ziwa Victoria. Kwa hiyo tunakunywa maji yaleyale mnayokwenda kuyalipia kwa dola. Heshima kidogo.

#11 Reli ya Kati
Hiyo umeua.

Turudi kwenye mada. Mimi naona #6 kaeleza vizuri namna ya kuogelea, lakini swali la kuwa tayari halimhusu abiria peke yake. Zile daraja za 1 mpaka 6 zinapima poromoko, tena kwa kiwango fulani cha maji. Daraja la 1 maji yanatembea tu. La 3 mawimbi yasiyo na mpangilio na unahitaji kukwepa vitu. La 5 njia ni ndefu au nyembamba, ina mashimo (maji yanayojirudia na kukuzungusha palepale) na mawe, kosa linaleta madhara. La 6 ni lile ambalo watalii hushushwa wakatembea kwa miguu. Maji yakipanda au yakishuka, poromoko lilelile linabadilika tabia.

Kwa hiyo badala ya kujiuliza "mimi ni wa daraja la 5?" angeuliza: mto uko vipi siku hiyo, mwongozaji ana uzoefu gani na mto huohuo, kuna kayaki ngapi za uokoaji, laifu jaketi zikoje. Abiria wa rafti ni mzigo unaopiga kasia. Mwongozaji mzuri anapitisha watu ambao hawajui kitu, mwongozaji mbovu anawazamisha waogeleaji.

#12 Fundi Boti
Nakazia namba 11. Kwenye laifu jaketi hapo usikubali ya kuvaa tu kama kizibao. Ukishaivaa mwambie mwenzako ashike mabegani aivute juu kwa nguvu. Ikifika masikioni, siyo yako au haijakazwa. Hapa kwetu nawaona abiria wa maboti wanaikalia kama mto wa kiti.

#13 Mkwe wa Gungu
Mimi nilishawahi kwenda Jinja zamani. Poromoko kubwa kuliko yote pale ni Bujagali, mwambie binamu yako awapeleke hapo ndiyo mtajua hamjui.

#14 Kasia Moja
@Mkwe wa Gungu hilo Bujagali halipo tena mkuu. Bwawa la umeme lilikamilika 2012 na maporomoko yakafunikwa na maji. Halafu 2019 likaja Isimba huko chini, likala mengine. Njia za rafti zimefupishwa na kupangwa upya, kwa hiyo ushauri wa mtu aliyekwenda miaka ya nyuma usiufuate. Lililobaki la kutisha ni Itanda, sehemu yake kuu wageni tunawazungusha kwa miguu.

Kuhusu namba 11: maji ya Jinja yanategemea kiasi kinachoachiliwa kutoka kwenye mabwawa ya juu, kwa hiyo mwaka mzima kuna maji. Siyo kama Zambezi inayofuata mvua.

#15 Mkwe wa Gungu
Basi limenisubiri nikaliona, likafa. Asante kwa taarifa.

#16 Muuguzi Kasulu
Habari zenu. Nimesoma zote, naona mnaongelea maji na vyombo, mwili mnauruka.

Binti anasema anafika kwenye mitumbwi na kurudi bila kupumzika. Vizuri. Lakini hapo anaanza akiwa ametulia, anajipangia mwendo. Kwenye rafti unamwagika ukiwa umeshapiga kasia kwa nguvu, moyo unakwenda mbio, unahema, na ndipo unazamishwa. Kubana pumzi ukiwa umekaa sebuleni na kubana pumzi ukiwa unahema ni vitu viwili. Mtu asiyezoea anameza maji kwa sababu mwili unadai hewa saa ileile.

Jipime hivi: panda kilima mbio mpaka uheme kweli, kisha simama, vuta hewa mara moja, bana. Angalia akili inafanya nini. Usiifanyie majini ukiwa peke yako. Kuna watu wenye afya nzuri kabisa wanaingiwa na hofu hapohapo nchi kavu. Ukiwa ni mmoja wao, huo mto bado.

Halafu kuna wasiopaswa kabisa bila kuongea na daktari: kifafa, moyo, wajawazito, pumu isiyodhibitiwa, waliofanyiwa upasuaji karibuni, na bega lililowahi kuchomoka.

#17 Fundi Boti
Muuguzi, hapo kwenye bega. Langu lilichomoka tukiwa tunavuta boti nchi kavu, likarudishwa. Siku hizi halinisumbui, nafanya kazi zote. Nalo linahesabika?

#18 Muuguzi Kasulu
Linahesabika. Bega likishatoka mara moja ni rahisi kutoka tena, hasa mkono ukiwa juu na nyuma halafu uvutwe. Na ndivyo unavyokaa ukiwa umeng'ang'ania kamba ya rafti huku maji yanakuburuta. Kazini kwako mzigo unaujua unakotokea. Muone mtu wa mazoezi ya viungo akupime nguvu ya misuli inayolishika, usiamini kwa kuwa haliumi.

#19 Fundi Boti
Nimeelewa. Nitabaki kuwa mshauri wa laifu jaketi.

#20 Dada wa Ujiji
Mimi nitampinga Kasia Moja kidogo, ingawa ni wa nyumbani.

Nilipanda rafti Zambezi, upande wa Zambia, kwenye korongo la Batoka chini ya Victoria Falls. Maporomoko yake yanaitwa kwa namba kuanzia juu. Kuogelea kwangu ni kwa kubabaisha, na nilisema wazi wakati wa kujiandikisha. Hakuna aliyenikataa. Namba 9 tulishuka wote tukatembea juu ya mawe, hata wale vijana waliokuwa wanapiga kifua.

Rafti yetu ilipinduka. Nikajikuta chini yake, giza, na kuna nafasi ya hewa kati ya maji na sakafu ya rafti. Kilichoniokoa siyo mikono. Asubuhi mwongozaji alitukalisha akatuambia: ukijikuta chini, weka mkono juu, tembeza mikono kuelekea upande mmoja tu mpaka utoke, usibadilishe upande. Nikakumbuka hilo sentensi moja, nikatoka. Pembeni yangu kulikuwa na kaka mmoja muogeleaji kwelikweli, huyo alipiga mikono hovyo mpaka akampiga mwenzake puani.

Kwa hiyo mimi nasema aliye tayari ni yule anayesikia. Kama wewe ni mtu ambaye ukiambiwa "lala chini ndani ya rafti sasa" unauliza kwa nini, baki hotelini. Kuogelea kuje baadaye.

Ila jambo ambalo hakuna aliyenieleza: kutoka kwenye lile korongo. Ni kupanda kwa miguu, jua kali, mawe. Hapo ndipo nilipotaka kufa.

#21 Mtoto wa Kaliua
Chai hii. Chini ya rafti giza, halafu ulikumbuka sentensi nzima? Mimi nikizibwa na shuka tu nasahau jina langu.

#22 Dada wa Ujiji
Ndiyo maana wewe upo Kaliua.

#23 Kasia Moja
@Dada wa Ujiji umesema kweli ila umesema upande mmoja. Asiyejua kuogelea kwenye njia ya daraja la 3, jaketi zuri, kayaki mbili tatu, sina shida naye. Kwenye la 5 naanza kuwa na shida, siyo kwa sababu atazama. Jaketi litamrudisha juu. Shida ni kwamba asiyeyazoea maji anatumia akili yake yote kuogopa, na akili iliyojaa haisikii amri. Wewe ulisikia kwa sababu una maji damuni hata kama hujui kuogelea vizuri, umekulia Ujiji. Hoja yako inarudi kwangu.

#24 Dada wa Ujiji
Kule #6 ulisema mazoea ya ziwani ni hatari, hapa #23 yameniokoa. Chagua moja kaka.

#25 Reli ya Kati
Hapo Kasia Moja kasia limevunjika.

#26 Kasia Moja
Halijavunjika. Kutoogopa maji ni kitu kimoja, kujua la kufanya ndani yake ni kingine. Ziwa linakupa la kwanza, halikupi la pili. Mtu mwenye la kwanza bila la pili ndiye anayenitoa jasho, maana hashtuki mapema.

#27 Mzee wa Bangwe
Mimi nasoma tu. Wavuvi wangapi wanaogelea vizuri na ziwa limewachukua? Wengi. Na mara nyingi nilichokiona ni kimoja, yule aliyeacha chombo akasema anaogelea kwenda nchi kavu. Waliobaki wameshika mbao walikutwa asubuhi. Sijabadili msimamo wangu wa #3, lakini hilo la kushika chombo Kasia amesema vyema.

Ila hilo la kulala chali miguu mbele, nalo lina mwisho wake? Je, kama mbele kuna mti umelala kwenye maji?

#28 Kasia Moja
Mzee, hilo ndilo swali la mtu anayejua maji. Mti ni kinyume cha jiwe. Jiwe linasukuma maji pembeni na wewe unakwenda nayo. Mti unaruhusu maji yapite katikati ya matawi, wewe unabaki umebanwa. Ukiona mti mbele, kwanza kabisa ogelea ukae mbali nao. Ukiwa umeshachelewa, geuka kifudifudi, kichwa mbele, uuogelee kwa kasi na uupande juu kwa tumbo. Miguu ikitangulia inaingia chini na mwili unafuata.

#29 Mzee wa Bangwe
Sawa. Huyu kijana ni wa kwetu kweli.

#30 Mvuna Chumvi
Wakuu, kwa nini tuhangaike na Uganda wakati Igamba ipo hapa Uvinza? Maporomoko ya Mto Malagarasi, maji yanaanguka kwelikweli, nauli ndogo. Tuanzishe rafti ya kwetu, vijana wapate ajira.

#31 Reli ya Kati
Igamba ndiko kwenye mradi wa umeme wa megawati 49.5, siyo uwanja wa kuchezea. Na Malagarasi yote ina mamba na viboko. Poromoko lenyewe halina kiboko labda, lakini unapomwagika huishii kwenye poromoko, unaishia kwenye maji tulivu ya chini yake. Na huko ndiko wanakokaa.

#32 Mvuna Chumvi
Zambezi si ina mamba pia? Mbona watu wanapanda?

#33 Dada wa Ujiji
Ina mamba, tulionyeshwa kwa kidole. Lakini kule kuna watu wanaopita kila siku, wanajua kila jiwe, kuna kayaki, kuna njia ya kutokea korongoni iliyopangwa. Igamba ukivunjika mguu nani anakufuata?

#34 Muuguzi Kasulu
Hiyo #33 iwekwe juu. Kwenye daraja hizo hakuna namba inayosema hospitali iko umbali gani. Poromoko la 3 mahali pasipo na barabara ni zito kuliko la 4 lenye gari linalosubiri ng'ambo.

#35 Nyuki wa Sikonge
Niseme neno na mimi, utani pembeni. Mnajibu swali ambalo binti hakuliuliza. Someni tena #1. "Ukiitaja njia laini unachekwa." Hapo ndipo penye mto.

Mimi nilipandishwa mlima na wafanyakazi wenzangu kwa namna hiyohiyo, kila mtu ndani ya moyo wake hataki, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema. Dada, muulize kila binamu pembeni, nje ya grupu: ungekuwa peke yako ungechagua njia ipi? Nina uhakika nusu yao watakuambia ile laini. Mtu anayekwenda kwa kuogopa kuchekwa hawezi kumwambia mwongozaji "simamisha, nashuka hapa". Na kuweza kusema hivyo ni sehemu ya kuwa tayari kuliko kubana pumzi.

#36 Dada Mwanga
Kumbe Tabora kuna watu.

#37 Mkwe wa Gungu
Sikubaliani na Nyuki. Bila kusukumwa na wenzako hungefanya lolote duniani. Hata kuoa nilisukumwa.

#38 Mtoto wa Kaliua
Na shemeji anasoma uzi huu?

#39 Binti Kibirizi
Wakuu asanteni, mmenipa kazi. Nimerudi na majibu.

Jana jioni nimechukua laifu jaketi ya Fundi Boti (ndiyo, ni jirani yangu, dunia ndogo), nikavaa na nguo na viatu, nikaingia ziwani na mdogo wangu akiwa kwenye mtumbwi. Jambo la kwanza: siogelei kama ninavyoogelea. Jaketi linakuinua, mikono inagonga kifua, ukitaka kupiga mbizi haiwezekani, na mbizi ndiyo kimbilio langu tangu utotoni. Wimbi likija mimi nazama chini lipite. Hapa halinipi nafasi hiyo.

La pili: kurudi kwenye mtumbwi. Nikashika ukingo nikajivuta kwa mikono, miguu ikaingia chini ya mtumbwi, nikabaki nananing'inia. Mdogo wangu anacheka hoi. Mpaka nilipopiga mateke nyuma mwili ukalala juu ya maji ndipo nikaweza kupanda, tena kwa kuvutwa mabegani.

Ile ya Muuguzi ya kilima nimeifanya pia, kupanda kutoka Kibirizi kwenda mjini. Kubana niliweza. Hofu sikuona. Sijui inanipeleka wapi hiyo.

Na binamu nimewauliza mmoja mmoja kama Nyuki alivyosema. Sitaji majibu yao hapa, wanasoma.

Bado sijaamua. Swali jipya: tukianza njia ngumu, katikati ya siku mtu anaweza kubadili mawazo?

#40 Kasia Moja
Umefanya jambo ambalo wageni wangu wengi hawajawahi kufanya. Ila ongeza moja: mwambie mdogo wako ashike jaketi lako mabegani, akuzamishe kidogo kisha akuvute ndani kwa kujitupa nyuma. Ndivyo mtakavyovutwa kwenye rafti, na wewe utawavuta wengine hivyohivyo. Usimvute mtu kwa mkono, utamchomoa bega (Fundi Boti anajua).

Kubadili mawazo: uliza kabla ya kulipa. Kampuni nyingi hutembea na rafti kubwa ya mizigo yenye makasia marefu ya mwongozaji peke yake, aliyechoka au kuogopa anahamia humo. Baadhi ya maporomoko unaweza kuyapita kwa miguu ukingoni. Lakini kuna sehemu kingo ni msitu au kisiwa, ukishaingia umeingia. Wakikujibu "usijali, hakuna shida" bila kukueleza ni wapi unaweza kushukia na wapi huwezi, tafuta wengine.

Na kasia lako: kiganja kimoja kisiachie kile kishikio cha juu hata iweje. Meno mengi ninayoyaona yakivunjika hayavunjwi na mawe, yanavunjwa na kishikio cha jirani.

#41 Muuguzi Kasulu
Nilisahau: kichocho. Nile pale Jinja kipo, kama kilivyo kwenye sehemu za ufuko wetu. Ukirudi usikimbilie dawa siku hiyohiyo. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Nenda kapimwe baada ya wiki kadhaa, ukamwambie daktari ulikuwa kwenye maji gani. Na kadi ya homa ya manjano ubebe, pale mpakani wanaiuliza.

#42 Reli ya Kati
Mnapitia Mutukula? Kigoma, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, ndiyo njia fupi. Msifike Jinja usiku mkapanda rafti asubuhi. Mwili uliokaa kwenye basi siku mbili haupo tayari kwa daraja lolote.

#43 Mzee wa Bangwe
Hilo la basi naunga mkono kuliko yote yaliyosemwa.

Lakini binti, kubana umeweza, hofu hukuona, kupanda umejifunza. Sasa unasubiri nini? Mnamjaza mtoto wa watu maneno mpaka maji yamekuwa mtihani wa taifa.

#44 Dada wa Ujiji
Mzee, hofu hakuiona kwenye kilima. Kilima hakimzungushi.

#45 Kasia Moja
Mimi hasa kutokuona hofu ndiko kunakonitia wasiwasi kidogo. Angesema moyo ulimdunda ningelala vizuri zaidi.

#46 Mkwe wa Gungu
Akiogopa hayuko tayari, asipoogopa hayuko tayari. Huu mto wa Kasia nani anaruhusiwa kuupanda?

#47 Nyuki wa Sikonge
Watu wa Tabora.

#48 Shangazi Katubuka
Jamani nimechelewa, nimeusoma uzi wote leo. Mimi ni shangazi wa hao binamu, na hawajaniambia kwamba wanakwenda mtoni, waliniambia ni harusi. Sina ugomvi nao. Nauliza tu: mtu wa miaka 54, anajua kuogelea, magoti mabovu kidogo, presha hana, ile njia laini anapokelewa?

#49 Binti Kibirizi
Shikamoo shangazi 🙈

#50 Muuguzi Kasulu
Anapokelewa. Magoti yanakuwa mabovu kiasi gani? Kwenye rafti unakaa pembeni na mguu unaubana chini ya mto wa hewa ulio mbele yako, goti linajipinda muda mrefu. Ukiweza kukaa kwenye kigoda nusu saa na kuinuka bila kushikwa mkono, njoo inbox tuongee.

#51 Shangazi Katubuka
Marahaba mwanangu. Muuguzi, kigoda ndicho ninachopikia kila siku. Nakuja inbox. Na wewe Binti, mwambie binamu yako wa Kampala ahesabu mtu mmoja zaidi.